Kikomo cha Perusi

Perusi Bandora alikuwa amenunua hisa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na tangu anunue alikuwa ameganda mbele ya kioo cha mashine kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Pumua, dada," Mwalimu Leokadia alimwambia, akiinama begani kwake. "Bei haikimbii ukipumua."

"Inashuka, Mwalimu."

"Imeshuka kidogo. Itapanda kidogo. Ndiyo kazi yake. Kabla hujanunua nilikuuliza nini?"

"Niko tayari kupoteza kiasi gani."

"Si kupata kiasi gani?"

"Hapana. Kupoteza."

"Vizuri. Na kikomo chako umekiweka wapi?"

Kikomo kilikuwa somo la kwanza kabisa katika darasa lile: ile bei ambayo mtu anaichagua mapema, akili ikiwa bado imetulia, na kusema ikifika hapa nauza, sibishani na mtu. Leokadia aliwataka wanafunzi wote wakiingize kwenye mashine kabla ya kununua, kwa sababu mtu akishanunua huwa hana tena akili aliyokuwa nayo kabla ya kununua.

Perusi alijigusa paji la uso. "Kiko hapa."

"Kichwani?"

"Nilisahau kukiingiza. Lakini nakijua. Ikifika pale nauza."

Leokadia alifungua kinywa amkaripie, lakini bei ikamtangulia. Hisa za Nyuzi Mwanga, kampuni iliyokuwa ikitandaza nyaya chini ya ziwa mpaka upande wa pili, ziliteleza, zikasimama, zikateleza tena. Nyuma ya sikio la Perusi tulizo, kile kibandiko cha kupima hofu, likabadilika rangi, kutoka kijani hadi manjano hadi nyekundu, likalia mlio mdogo, likamuuzia hisa zake zote. Kisha bei ikageuka. Ikaanza kupanda kana kwamba kitu pekee kilichokuwa kikiizuia ni Perusi.

"Palepale," Perusi alisema polepole. Hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu. "Mwalimu, imegeuka palepale nilipopawaza. Hadi senti."

"Hutokea," Leokadia alimjibu.

Ni kweli ilikuwa ikitokea. Ila wakati akirudi mezani kwake, alihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Kikomo kilichoingizwa kwenye mashine kinaweza kuchunguliwa na mwizi mwenye ujuzi. Kikomo cha Perusi hakikuwa kwenye mashine yoyote. Kilikuwa mwilini mwake tu.

*

Tulizo lilikuwa utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, linabandikwa nyuma ya sikio. Lilisoma mapigo ya moyo, jasho, pumzi, na vitu vingine ambavyo Leokadia hakuvijua majina. Mtu akilewa tamaa, lilimfungia asinunue zaidi. Hofu yake ikizidi kile ambacho mwili wake ungeweza kubeba, lilimtoa sokoni kabla hajafanya wazimu. Hakuna aliyeruhusiwa kununua na kuuza hisa siku hiyohiyo bila kulivaa. Ndiyo ilikuwa sheria tangu Mporomoko, soko lilipoanguka.

Leokadia Ntukamazina hakuhitaji kusimuliwa habari za Mporomoko. Kaka yake, Sabinus, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakinunua asubuhi na kuuza jioni. Alipopata hasara alinunua zaidi ili airudishe ile hasara, na alipopata nyingine akanunua zaidi tena, huku akiapa kwamba mara hii amelijua soko. Asubuhi moja alitoka nyumbani bila viatu. Walimtafuta Kigoma nzima, stesheni, hospitali, hadi Uvinza. Hakuonekana.

Kwa hiyo wataalamu wa shirika la Tulizo walipokuja kutafuta watu wa kuifundisha mashine yao hofu inavyofanana, Leokadia alikuwa wa kwanza kujitolea. Alikaa kwenye kiti chao msimu mzima wa mvua, nyaya mwili mzima, akinunua na kuuza huku mashine ikiusikiliza moyo wake. Kila tulizo lililokuwa nyuma ya kila sikio nchini lilikuwa limejifunzia hofu kwake. Alijivunia jambo hilo. Tangu wakati ule hakuwa amesikia mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

Ndiyo maana jambo la Perusi lilimsumbua sana.

Wanafunzi walipotoka kwenda kunywa chai, alibaki peke yake ukumbini, ghorofa ya juu ya stesheni, chini yake mabehewa ya shaba yakisukumana. Alitafuta hisa ambazo hakuna anayezijali. Akazipata: kampuni ndogo ya chumvi, ambayo tangu soko lifunguliwe asubuhi hakuna aliyeinunua wala kuiuza. Akanunua kidogo, kiasi ambacho kikipotea chote asingekosa usingizi, kama alivyowafundisha wengine. Kisha akakaa kimya.

Bei haikutikisika. Tulizo lake lilikuwa kijani.

Leokadia akafumba macho, akafanya jambo alilojikataza kwa miaka mingi. Akamruhusu Sabinus aje. Aliuona mlango ulioachwa wazi. Aliviona viatu vyake kando ya mlango, kamba zimefunguliwa vizuri, kama vya mtu anayekwenda kulala. Alimsikia mama akiuliza, kwa sauti ambayo bado haijaelewa, amekwenda wapi huyu. Moyo wake ukaanza kugonga mbavu, viganja vikalowa.

Alipofumbua macho, bei ya chumvi ilikuwa inaanguka.

Hapakuwa na habari yoyote. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa ameinunua hisa ile siku hiyo. Kulikuwa na muuzaji mmoja tu, aliyejitokeza ghafla, akisukuma bei chini taratibu, hatua kwa hatua, kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Kila moyo wa Leokadia ulipozidi kugonga, yule muuzaji alisukuma kidogo zaidi. Tulizo likawa jekundu, likalia, likauza. Na hapo hapo mnunuzi mmoja akazichukua zote, bei ikarudi mahali pake.

Jina la mnunuzi lilionekana kwa kitambo, kama sheria inavyotaka. Kipanga.

Kila mtu alimjua Kipanga. Ilikuwa mashine ya kununua na kuuza hisa, kubwa kuliko zote sokoni, iliyomaliza miezi mingi bila kupata hasara hata siku moja, na watu walimsifu mbele ya vioo vyao kama wanavyosifu mshambuliaji wa timu yao.

*

"Kaa kwanza," Hidaya Mlekwa alisema.

"Nitasimama."

Hidaya alikuwa mkuu wa shule na wa ofisi nzima ya Tulizo pale Kigoma. Zamani wawili hawa walikalia viti vya nyaya pamoja, wakigawana karanga na kucheka jinsi mashine ilivyokuwa ikichanganya njaa na woga. Sasa Hidaya aliondoka nyuma ya meza, akaufunga mlango mwenyewe.

"Mnamwuzia Kipanga mioyo ya watu," Leokadia alisema.

"Tunamwuzia takwimu."

"Hidaya. Usinifanye mtoto."

Sauti ya Hidaya sasa ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujitetea peke yake mara nyingi. "Unajua tulizo moja linagharimu kiasi gani kulitengeneza? Mama lishe, dereva, mwalimu wa msingi, nani angeweza kulinunua? Tunawapa bure. Bure, dada. Ulidhani nani analipa?"

"Nilidhani serikali."

"Serikali ilitulipia msimu wa kwanza tu. Kipanga akaja. Anachukua kidogo kwa kila mtu. Kidogo sana. Hakuna anayefilisika. Hakuna anayekufa. Wewe unakumbuka ilivyokuwa kabla." Akashusha sauti. "Wewe kuliko wote."

Leokadia alihisi jina la kaka yake limeingia chumbani bila kutajwa, na akamchukia Hidaya kwa hilo, kisha akajichukia mwenyewe kwa sababu hoja ilikuwa imempata. Ni kweli watu walikuwa hawafi. Ni kweli hasara ilikuwa ndogo. Perusi asubuhi ile alipoteza kiasi cha mboga za wiki. Lakini angepoteza tena kesho, na kesho kutwa, kila mara palepale alipopawaza, mpaka mtaji uishe, na angeondoka akiamini kwamba yeye ni mwoga, hana kipaji, hakufuata masomo vizuri. Na aliyemfundisha kuamini hivyo angekuwa Leokadia.

"Nikiwaambia?" aliuliza.

"Watayabandua. Wote kwa mpigo, wakiwa na hisa mikononi. Alasiri hii Nyuzi Mwanga wanatangaza matokeo yao, nusu ya wanafunzi wetu nchi nzima wamezishika. Kipanga akiona mioyo yote hiyo imezimika ghafla, atauza kila kitu kabla hawajajua wanafanya nini. Hiyo haitakuwa hasara ya mboga. Utakuwa umewaletea Mporomoko mwingine kwa mdomo wako." Hidaya alimshika mkono. "Nenda nyumbani leo. Kesho tutaongea, tutatafuta namna. Nakuomba."

Leokadia aliutazama ule mkono. Nyuma ya sikio la Hidaya hapakuwa na tulizo.

*

Alirudi darasani akitembea polepole kwa makusudi. Tulizo lake mwenyewe lilikuwa linamsikiliza. Kama mashine yote ilijifunza hofu kwake, basi hakuna moyo ambao Kipanga aliuelewa kuliko wake. Akiingia mle ndani ametaharuki, atakuwa ameshawaambia.

Akahesabu pumzi. Akafikiria kuchambua mchele: mchele mweupe, chuya yenye ganda, mchele mweupe, jiwe.

Wanafunzi walikuwa wamesharudi. Kwenye kioo chake cha mwalimu aliwaona wote kama nukta za kijani zenye kuchezacheza. Karibu kila mmoja alikuwa ameshika Nyuzi Mwanga, hata Perusi, aliyekuwa amenunua tena bei ilipopanda.

"Tunafanya zoezi," Leokadia alisema. "Somo la kutoka. Kununua kila mtu anajua. Leo tunajifunza kutoka sokoni tukiwa watulivu, bila kulazimishwa na bei, bila kulazimishwa na tulizo. Alasiri kuna matokeo. Niliwaambia nini kuhusu matokeo?"

"Tusilale na hisa siku ya matokeo," mmoja alijibu kutoka nyuma.

"Kwa nini?"

"Bei haishuki ngazi kwa ngazi. Inaruka. Inakiruka hata kikomo."

"Basi uzeni. Msiuze zote mara moja, mtaisukuma bei wenyewe. Robo kwanza. Mnywe maji. Kisha robo nyingine."

Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo maana aliweza kulisema bila sauti kutetemeka. Nukta moja moja zikaanza kuzimika kutoka kwenye hisa za Nyuzi Mwanga, kwa utulivu, kama watu wanaotoka msikitini. Mahali fulani Kipanga alikuwa anawasikiliza, na alichosikia kilikuwa darasa linalofanya zoezi.

Perusi hakuuza.

Leokadia akamwendea. "Dada Perusi."

"Asubuhi ulinifundisha nisiuze kwa woga," Perusi alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye kioo. "Na sasa inapanda. Matokeo yakiwa mazuri nitarudisha ya asubuhi na zaidi. Mwalimu, kila nikiwa na faida mtu ananiambia niuze."

"Kurudisha ya asubuhi siyo sababu ya kushika hisa. Ya asubuhi yamekwenda."

"Basi nipe sababu yako." Akageuka, akamtazama usoni vizuri. Uso wake ukabadilika. "Mwalimu, unaogopa nini?"

Moyo wa Leokadia ukaruka. Alisikia tulizo lake likipata joto. Pembeni, kwenye kioo, bei ya Nyuzi Mwanga ikateleza kidogo, ikasimama, ikapapasa.

Mchele mweupe. Chuya. Jiwe.

"Naogopa," alijibu, kwa sababu kukataa kungemgharimu zaidi. "Sitaweza kukueleza sasa hivi. Sikuombi uiamini bei. Nakuomba uniamini mimi, kwa muda mfupi tu. Na ukikataa, hisa ni zako, sitakugusa mkono."

Perusi aliendelea kumtazama. Kisha akabonyeza. Robo. Akaichukua chupa ya maji, akanywa. Robo nyingine. Alipomaliza, nukta ya mwisho darasani ikazimika.

Leokadia akarudi mezani kwake na kuishika swichi ya mkondo wa walimu, ule unaosikika katika madarasa yote ya Tulizo, Bukoba, Tanga, Iringa, Kasulu, kote. Kidole chake kikabaki hapo.

Hapa ndipo alipokwama. Waliokuwa wake walikuwa wametoka. Angeweza kuiacha swichi, akaenda nyumbani, kesho akaongea na Hidaya. Wale wengine wangenyonywa kidogo alasiri, na kidogo kesho, na wangelala salama. Akisema, wapo watakaosikiliza na wapo watakaoyabandua, na wa kundi la pili wataumia kwa sababu yake, leo, si kidogo. Alijaribu kuwapima kama anavyopima biashara, hasara hii dhidi ya hasara ile, na akaona kwamba hajui kupima hivyo, kwamba masomo yake yote yalikuwa ya mtu anayehatarisha kilicho chake.

Mlango ukafunguliwa. Hidaya alisimama pale, mkono mbele. "Leokadia, usi—"

Akabonyeza.

"Hapa ni Kigoma," alisema. "Nisikilizeni bila kubandua chochote. Narudia, msibandue. Uzeni kwanza, polepole. Tulizo mlilovaa linamwambia Kipanga mnapoogopa, na anaishusha bei mpaka mwogope. Nimelipima kwa mwili wangu mwenyewe. Siyo kwamba nyinyi ni waoga. Uzeni kwanza. Robo, kisha—"

Mkondo ukakatika.

Kwenye kioo, bei ya Nyuzi Mwanga ilibaki ilipokuwa, kwa muda ambao mtu angeweza kuanza kutumaini. Kisha ikaanguka. Haikuteleza tena, haikupapasa. Ilianguka kama ndoo iliyokatika kamba, ikapita kila kikomo, na darasa zima likasimama kuitazama. Perusi aliweka mkono mdomoni. Hidaya alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni. Kisha kioo kikawa cheusi na maandishi yakatokea kwamba soko limesimamishwa.

*

Wakaguzi walikuja, wakayachukua matulizo yote kwenye masanduku. Kipanga akazimwa kwa muda, hadi hapo uchunguzi utakapokamilika, walisema. Hidaya aliitwa Dodoma. Magazeti yalimwita Leokadia shujaa kwa siku chache, mengine yakamwita mchochezi. Aliendelea kuja darasani, kwa sababu wanafunzi nao waliendelea kuja, ingawa hapakuwa na soko. Walikaa wakiulizana maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Perusi alimwuliza, sasa nitajuaje kama nimetulia? Leokadia alimwambia kwamba hata yeye hajui, kwamba alikuwa amelitegemea lile tulizo kuliko wote.

Mchana mmoja mwanamume alisimama mlangoni, shati limepigwa pasi, vumbi la safari kwenye suruali. Alikuwa na umri wa baba yake Leokadia kama angekuwepo.

"Shikamoo, baba," Leokadia alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeongea kwenye mkondo?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Hakukaa. "Mimi ni fundi wa majokofu, Kasulu. Nilikuwa nimeshika zile hisa. Niliposikia, niliogopa, nikabandua. Wenzangu wawili hawakubandua, wao walitoka salama. Mimi nilibandua." Alisema bila kulalamika, kama anayeeleza jinsi mashine ilivyoharibika. "Pesa zile zilikuwa za kununulia eneo la karakana. Mke wangu bado sijamwambia."

Leokadia aliona neno pole ni dogo mno, akalisema hata hivyo. "Pole sana, baba."

"Sikuja kwa ajili ya pole. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, nikijibiwa nitaondoka. Wanasema wanafunzi wako walikuwa wameshatoka."

"Ndiyo."

"Uliwatoa wao kwanza, halafu ndipo ukatuambia sisi."

"Ndiyo."

"Na ulijua kwamba kuna watakaoumia."

Perusi alikuwa ameinuka nusu, kama anayetaka kumjibia. Leokadia alimzuia kwa mkono. Angeweza kusema juu ya Kipanga, juu ya mkondo uliokatwa kabla hajamaliza, juu ya maelfu waliopona. Yote yalikuwa kweli.

"Nilijua," alisema. "Nilijua watakuwepo. Sikuwajua ni akina nani."

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta kipimo ni sahihi. Akavuta kiti, sasa akakaa, mkabala naye, karibu hadi magoti yao yakakaribiana.

"Basi," alisema. "Mimi naitwa Anatoli Gwasa."